Pikapu ikilia nyuma, usikimbilie kununua shokapu

MPUNGA ukishapigwa na kufungwa kwenye magunia katika bonde la Kintinku, wilayani Manyoni, kazi inayobaki ni kuutoa shambani. Pikapu zinazoifanya kazi hiyo hupita kwenye njia za udongo mweusi uliokauka na kupasuka, kisha huingia barabara kuu kuelekea Bahi na Dodoma, au kupanda Saranda kwenda Manyoni.

Baada ya wiki kadhaa za safari hizo, magari mengi huanza kulia "kwii, kwii" upande wa nyuma kila yakipita kwenye shimo. Wapo wamiliki wanaouzoea mlio huo. Wengine hununua shokapu mpya, fedha ikatoka na mlio ukabaki palepale.

Kazi ya shokapu ni kutuliza mdundo. Ikichoka, gari hudundadunda na mara nyingi shokapu yenyewe huvuja mafuta. Mlio mwembamba, kwa kawaida, hutoka mahali ambapo raba au vyuma vinasuguana vikiwa vikavu.

Pikapu nyingi za mizigo zina springi za nyuma za vyuma bapa vilivyopangwa juu kwa juu. Ncha ya mbele hushikwa na pini na ya nyuma huning'inia kwenye shako, na kote huwa na bushi, mara nyingi za raba. Katikati, springi hufungwa kwenye ekseli kwa boliti zenye umbo la U.

Jinsi ya kutafuta mlio

Osha udongo wote na uache gari likauke kabisa. Liegeshe mahali tambarare bila mzigo, funga breki ya mkono na weka mawe kwenye magurudumu ya mbele.

Watu wawili walisukume bodi chini kwa nyuma, huku wa tatu akisikiliza pembeni, upande mmoja kwanza, kisha wa pili. Asiingie chini ya gari.

Kisha mimina maji ya sabuni kidogo kwenye bushi moja tu, na bodi isukumwe tena. Mlio ukinyamaza, mahali pamepatikana. Usipobadilika, nenda bushi inayofuata, halafu bushi za shokapu, na mwisho katikati ya vyuma vya springi.

Wengi hapo humwagia oili chafu. Mlio hutulia kwa siku chache, lakini oili huvimbisha na kulainisha raba, na vumbi likiganda juu yake hugeuka msasa. Bushi iliyopasuka ibadilishwe, pamoja na mwenzake wa upande wa pili.

Wakati wa kufunga bushi za raba, boliti zikazwe mwisho gari likiwa limekaa kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, raba hujipinda gari linaposhushwa na huchanika mapema.

Mlio wa hatari

Mlio wa kugonga, hasa gari linapoondoka au kufunga breki, ni habari nyingine. Angalia boliti za umbo la U. Kutu nyekundu au chuma kinachong'aa kuzizunguka ni dalili kuwa zimelegea na vyuma vinacheza.

Zikiachwa hivyo, boliti ya katikati ya springi inaweza kukatika na ekseli ikahama. Kwa gari lenye mzigo linaloteremka Saranda, hilo ni suala la roho za watu. Lisibebe kitu hadi fundi alishughulikie.

Aidha, mzigo upigiwe hesabu. Gunia 15 za kilo 80 ni kilo 1,200. Kwa pikapu ya tani moja, kilo 200 zimezidi kabla dereva hajapanda. Kuongeza chuma kwenye springi huzuia gari kulala, lakini hakuongezi nguvu ya ekseli, tairi wala breki.

Mkulima wa Lusilile au Chikuyu anayekodi gari naye ana haki ya kulisikiliza kabla ya kupakia. Springi ikikatika njiani, magunia ni yake, na gharama ya kuyahamishia gari jingine huenda ikawa yake pia. Bushi ni spea ndogo. Mavuno ya msimu mzima si madogo.