Kutoka Karume hadi Izmir: Kweli na Uongo Kuhusu Beki wa Kulipwa

Ukitaja kijana anayejua kukaba mbele ya wapenda soka wa Mwigobero, Bweri au stendi ya Bunda, hutakosa ushauri. Mmoja atasema apelekwe Dar haraka. Mwingine atasema apunguziwe umri, na wa tatu ana shemeji anayemfahamu wakala. Mengi ya maneno hayo husemwa kwa nia njema, lakini yanaweza kuigharimu familia ng'ombe, shamba na miaka ya mtoto. Ndiyo maana nimeyachukua yale yanayosikika zaidi na kuyapima moja baada ya jingine.

"Ulaya haipitii Musoma."

Si kweli, na ushahidi tumeuona kwa macho yetu. Novatus Dismas Miroshi, aliyezaliwa Septemba 2002, alilelewa kisoka na Azam kule Chamazi. Klabu hiyo ilimtoa kwa mkopo kwenda Biashara United, timu ya mkoa wetu wa Mara inayotumia Uwanja wa Karume, Musoma. Mwaka 2021 alikwenda Israel kujiunga na Maccabi Tel Aviv, ambao nao walimpeleka kwa mkopo Beitar Tel Aviv ya daraja la pili. Mwaka 2022 akahamia Zulte Waregem ya Ubelgiji. Mwaka 2023 akachukuliwa kwa mkopo na Shakhtar Donetsk ya Ukraine, na mwaka 2024 akatua Göztepe, klabu ya mji wa Izmir nchini Uturuki. Nchi nne za kigeni, na alikuwa bado hajatimiza miaka 23.

Sidai kwamba Mara ndiyo iliyomlea. Ninachosema ni kwamba Mara ilikuwa kituo katika safari yake, na kituo cha namna hii kina faida ambayo vijana wengi huidharau. Chipukizi aliyekaa benchi kwenye timu tajiri hajifunzi kukaba. Anajifunza akikutana na mshambuliaji mzoefu Jumamosi, akapitwa, kisha akarudi uwanjani wiki inayofuata akijua kwa nini alipitwa. Angalia pia jinsi neno mkopo linavyojirudia katika safari hiyo: Musoma, Beitar, Shakhtar. Watu wetu wakisikia mchezaji katolewa kwa mkopo husema ameshindwa. Kwa Novatus mkopo wa mwisho kati ya hiyo ndio uliomfikisha Ligi ya Mabingwa ya Ulaya msimu wa 2023/24, wakati Shakhtar, kwa sababu ya vita nchini mwao, wakicheza mechi zao za nyumbani za michuano hiyo Hamburg, Ujerumani.

"Beki ni nguvu, na sisi watu wa Mara tunazo."

Nguvu tunazo, sibishi. Lakini anayemwambia mtoto kwamba zinatosha anampotosha. Fabio Cannavaro, aliyekuwa nahodha wa Italia iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 2006 na aliyeshinda Ballon d'Or mwaka huohuo, ana urefu wa mita 1.76. Jina lake lilipendwa hadi Nadir Haroub, beki wa zamani wa Yanga na Taifa Stars, akabatizwa Cannavaro na mashabiki. Lisandro Martínez wa Argentina, bingwa wa dunia wa 2022, ni mfupi zaidi kwa sentimita moja. Mabeki hawa wameishi kwa kusoma mpira kabla haujafika, kwa kusimama mahali sahihi na kwa kutoa pasi ya kwanza isiyopotea.

Tena nguvu bila hesabu huleta kadi. Januari 2024, katika mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Morocco, Novatus mwenyewe alitolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha pili, na Stars wakalala 3-0. Miezi michache baadaye Göztepe walimsajili. Kosa moja halimalizi safari ya beki, lakini makosa yanayojirudia yanaweza.

"Beki atabaki beki."

Si kweli siku hizi. Novatus amecheza beki wa kushoto, na amecheza pia kiungo mkabaji. Mchezaji kiraka anaajirika kirahisi zaidi ugenini, kwa sababu klabu ya kigeni ina nafasi chache za wageni na inataka kila nafasi iilipe mara mbili. Kocha wa watoto Butiama anayemfungia mtoto wa miaka 12 kwenye namba tano tangu sasa anamnyima riziki ya baadaye.

"Biashara United walitolewa Afrika kwa sababu Walibya waliwazidi mpira."

Hili linaniuma, na ningependa kila mtoto wa Mara alijue sawasawa. Biashara walimaliza Ligi Kuu ya 2020/21 wakiwa nafasi ya nne na wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Waliwatoa Dikhil ya Djibouti. Oktoba 2021 wakakutana na Al Ahli Tripoli ya Libya, na mechi ya kwanza, iliyochezwa Dar es Salaam, Biashara walishinda 2-0. Timu ya Musoma ilikuwa inaongoza kwa mabao mawili mbele ya klabu kubwa ya Afrika Kaskazini. Mechi ya marudiano haikuchezwa. Timu haikusafiri kwenda Libya, na safari yao ikaishia hapo. Mwisho wa msimu huohuo wakashuka daraja.

Kwa hiyo, walizidiwa mpira? Si kweli. Walikwamishwa na safari. Mechi za kimataifa ni mahali ambapo beki asiyejulikana huonekana na watu wa nchi nyingine. Dakika 90 za Libya zingewaweka mabeki wetu mbele ya macho hayo, wakilinda mabao mawili mbele ya washambuliaji waliolazimika kushambulia. Hakuna majaribio ya kulipia yanayoweza kumpa kijana nafasi ya namna hiyo. Vibali, tiketi na fedha za safari ni sehemu ya mpira sawa na mazoezi ya asubuhi, na mkoa unaotaka wachezaji wake wafike mbali ujipange kwa hayo kabla droo haijapangwa.

"Mpeleke mapema, akiwa na miaka 15."

Si kweli, na ni hatari. Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache. Mojawapo ni wazazi kuhamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusu mpira. Nyingine inawagusa wenzetu wa Sirari na Tarime: mtoto anayeishi ndani ya kilomita 50 za mpaka anaweza kuchezea klabu ya upande wa pili iliyo pia ndani ya kilomita 50, akiendelea kulala kwao, na mashirikisho yote mawili yakikubali. Zaidi ya hapo, anayekuahidi kumsajili mtoto wa miaka 15 katika klabu ya Uturuki au Ubelgiji anakuahidi kisichowezekana kisheria. Novatus alitimiza miaka 18 Septemba 2020, na Israel alikwenda mwaka uliofuata.

"Punguza umri, wazungu wanapenda wadogo."

Si kweli. Ni udanganyifu, na Tanzania imeshaulipia. Mwaka 2005 timu yetu ya vijana wa chini ya miaka 17, iliyokuwa imefuzu fainali za Afrika zilizofanyika Gambia, iliondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Kikosi kizima kikapoteza nafasi. Siku hizi kuna vipimo vya mifupa ya kiganja kwa mashine ya MRI, na kumbukumbu za kielektroniki haziruhusu tarehe mbili za kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, kitambulisho cha NIDA na pasipoti lazima vizungumze lugha moja. Mzazi, hakikisha jina la mtoto limeandikwa kwa herufi zilezile kila mahali. Herufi moja ikitofautiana kati ya cheti na pasipoti, usajili unaweza kukwama siku ya mwisho ya dirisha.

"Wakala hulipwa kwanza ndipo kazi ianze."

Si kweli. Wakala halali hufanya mtihani wa FIFA, hupewa leseni, na jina lake linaweza kutafutwa kwenye orodha iliyo wazi kwa kila mtu. Malipo yake ni asilimia ya kile mchezaji anacholipwa kwenye mkataba uliosainiwa. Mkataba kati yake na mchezaji hauzidi miaka miwili, na kama mchezaji ni mtoto, ridhaa ya mzazi au mlezi lazima iwe kwa maandishi. Mtu anayedai ada ya majaribio, ada ya viza na ada ya kupokelewa uwanja wa ndege, zote kwa simu, hana cha kukuuzia. Usiuze ng'ombe.

"Ukishasaini nje umetajirika."

Ni kweli kwa wachache. Daraja la chini la ligi ndogo linaweza kulipa kidogo kuliko klabu kubwa za Dar es Salaam, na mishahara huchelewa hata ng'ambo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mchezaji asiyelipwa mishahara miwili ya mwezi anaweza kuiandikia klabu, akaipa siku 15, na wasipolipa ana haki ya kuvunja mkataba na kudai fidia FIFA. Tunza nakala ya mkataba.

"Aliyerudi ameshindwa."

Si kweli kabisa. Shomari Kapombe aliondoka Simba mwaka 2013 kwenda AS Cannes, iliyokuwa daraja la nne Ufaransa, na mwaka 2014 alikuwa amerudi, safari hii Azam. Wapo waliomcheka. Tangu mwaka 2017 ni beki wa kulia wa Simba, klabu iliyofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika zaidi ya mara moja. Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka 33, alifunga bao pekee dhidi ya Mauritania dakika za mwisho katika michuano ya CHAN jijini Dar es Salaam. Pascal Wawa wa Ivory Coast alipita ASEC Mimosas, Al-Merrikh ya Sudan na Azam kabla ya kusajiliwa Simba mwaka 2018, akiwa amepita miaka 30. Beki mwenye akili hukomaa baadaye kuliko winga.

Na kwenda nje si lazima kuwe Ulaya. Hassan Kessy alikwenda Nkana ya Zambia, na Desemba 2018 akakutana na Simba, timu yake ya zamani, kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Abdi Banda alitoka Simba mwaka 2017 kwenda Baroka ya Afrika Kusini. Hizo ni ajira za kweli, karibu na nyumbani.

"Haya ni mambo ya wavulana."

Si kweli. Bunda Queens wamecheza Ligi Kuu ya Wanawake, na Aisha Masaka ameshacheza Sweden na kusajiliwa Brighton ya Uingereza. Binti wa Bunda anayekaba vizuri anahitaji karatasi zilezile na ulinzi uleule.

"Timu ya mtaani haipati kitu mchezaji akiuzwa."

Kwa sasa ni kweli mara nyingi, ingawa haikupaswa kuwa hivyo. FIFA inaagiza kwamba mchezaji akiuzwa kimataifa mkataba wake ukiwa bado hai, asilimia 5 ya fedha igawiwe klabu zilizomlea tangu msimu wa kutimiza miaka 12 hadi wa 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 una thamani ya asilimia 0.25, na kila mwaka kati ya 16 na 23 asilimia 0.5. Chukua beki aliyeuzwa kwa euro milioni moja: klabu iliyokuwa naye kwa miaka yote minne ya mwanzo inastahili euro 10,000. Kwa timu ya Butiama hiyo ni mipira, viatu, usafiri na malipo ya kocha kwa muda mrefu.

Malipo haya hupitia kituo maalumu cha FIFA kilichopo Paris, na hutegemea kumbukumbu za usajili. Mtoto aliyechezea timu yako miaka mitano bila kuandikishwa popote, kwa hesabu za FIFA, hukumlea. Kwa hiyo ombi langu ni kwenu, viongozi wa timu za Musoma, Bunda na Butiama: msimu huu, kabla ya kununua jezi, nendeni chama cha mpira wa miguu cha wilaya mkaulize namna ya kusajili timu na watoto wote kuanzia miaka 12, kila mmoja kwa jina lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa.