Pumu ya ngozi na hofu isiyoulizwa kliniki

Mtu mzima mwenye pumu ya ngozi akiingia kwa daktari, mara nyingi mambo huwa mafupi: anakunja mikono ya shati, viwiko vinaangaliwa, krimu inaandikwa, anaitwa mwingine. Hakuna anayemuuliza analalaje, wala kwa nini amevaa mikono mirefu Dar es Salaam mwezi wa Februari.

Kutoulizwa huko kuna gharama yake. Mwaka 2015 mtafiti Florence Dalgard na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwenye kliniki za ngozi za nchi 13 za Ulaya. Asilimia 17.2 ya wagonjwa walikuwa na wasiwasi uliohitaji kuangaliwa kitabibu, ilhali kwa watu wasio na maradhi ya ngozi ilikuwa asilimia 11.1. Wenye pumu ya ngozi walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi.

Wala si woga wa kujitakia. Ngozi yenye ugonjwa huu hupoteza maji upesi, na kinga ya mwili inapowaka humwaga kemikali, mojawapo ikiitwa intalukini-31, zinazochokoza moja kwa moja mishipa ya fahamu ya muwasho. Usiku hali huwa mbaya zaidi: ngozi inapata joto na homoni ya kotisoli, inayotuliza uvimbe, inashuka. Mtu anajikuna hadi alfajiri, anaamka na damu kwenye shuka na kichwa kizito. Akili isiyolala hujaa wasiwasi, na mwili wenye wasiwasi huwasha zaidi.

Halafu kuna macho ya watu. Waliokuwa watu wazima kabla dawa za kufubaza virusi vya ukimwi hazijaenea, hadi leo wakiona vipele huwaza ukimwi, hata wasipotamka. Kwenye daladala lililojaa, mgonjwa anainua mkono kushika bomba, mkono wa shati unateremka, jirani anajisogeza. Pumu ya ngozi haiambukizi hata kidogo, lakini nani atamweleza abiria wa Gongo la Mboto habari hiyo saa moja asubuhi? Basi anavaa shati refu, jasho linaichoma ngozi, muwasho unapanda. Kesho anaanza kuogopa safari yenyewe.

Kwa ngozi nyeusi kuna tatizo jingine. Uvimbe hauonekani mwekundu kama kwenye picha za vitabu vingi. Huwa wa kijivu, zambarau au kahawia iliyokolea, hivyo mhudumu asiye na uzoefu anaweza kuudharau. Na hata ukishapoa, madoa hubaki kwa miezi, mgonjwa akidhani hajapona.

Hapo ndipo hofu inapompeleka duka la dawa kununua mirija ya krimu ya mchanganyiko yenye steroidi kali, aipake usoni kila siku, ngozi ikonde. Mwingine akisikia kisa hicho anaikataa steroidi kabisa. Wote wawili wanakosea. Steroidi inayofaa, kwa maelekezo, ni dawa nzuri: kiasi kinachotoka kwenye mrija na kufunika ncha ya kidole hadi kiungo cha kwanza hutosha eneo la viganja viwili. Mafuta ya mgando yapakwe mara tu baada ya kuoga. Nayo dawa ya piritoni humletea mtu usingizi tu. Muwasho wa ugonjwa huu haiuondoi sana.

Hofu nayo ina tiba. Huko Sweden, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwapa watu wazima 102 wiki 12 za tiba ya kisaikolojia kupitia intaneti au huduma ya kawaida; waliopata tiba hiyo walipungukiwa dalili zaidi. Ipo pia mbinu ya kuvunja mazoea ya kujikuna, ambayo haina gharama: muwasho ukija, kunja ngumi, hesabu hadi 30, kisha bonyeza ukucha panapowasha bila kukwaruza. Inaonekana ya kitoto, lakini mkono hujikuna kabla mwenyewe hajaamua, na hicho ndicho kinachozuiwa.

Ukienda kliniki safari ijayo, usisubiri kuulizwa. Mwambie daktari unaamka mara ngapi usiku, umeacha kwenda wapi kwa ajili ya ngozi yako, na unaogopa nini. Na kama umefika mahali pa kuona heri ufe, usingoje tarehe ya kliniki: mwambie mtu unayemwamini, akupeleke hospitali leo hii.