Kiasi cha Bunduki: Kwa Nini Mwindaji Hujishindilia Risasi Zake

Wazee wetu wa Pwani walikuwa wakiiita risasi nzima ya bunduki "kiasi", na jina hilo limebeba siri yote. Mwenye gobori alipima baruti kwa mkono wake, akaishindilia mtutuni, akatia risasi. Viwanda vilikuja kuichukua kazi hiyo, lakini Marekani bado wako wawindaji wengi wanaojipimia wenyewe nyumbani, wakiwemo wanaojiandaa kuja Tanzania kuwinda nyati. (Huku kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na kujitengenezea risasi bila leseni ni kosa. Soma tu, usijaribu.)

Tuchukue bunduki ya .375 ya Holland & Holland, iliyotoka London mwaka 1912. Tundu lake ni la wastani, milimita 9.5 hivi. Risasi yake ya nyati huwa na uzani wa grein 300, yaani gramu 19 na ushei. Grein 7,000 ndizo ratili moja ya Kiingereza. Basi ndugu msomaji, ujue kuwa watu hawa wanapima baruti kwa kipimo ambacho muuza dhahabu angekiheshimu.

Kiasi kina vitu vinne: ganda, fataki, baruti na risasi yenyewe. Shabaha haitokani na baruti nyingi, hutokana na kila kiasi kufanana na mwenzake. Mshindiliaji hufungua kitabu cha kiwanda cha baruti, akaanza asilimia 10 chini ya kikomo kilichoandikwa, kisha akapanda kidogo kidogo, labda nusu grein kila hatua. Kila hatua hupiga risasi tatu kwenye karatasi, akatazama matundu yamekaribiana vipi. Pia huangalia ganda lililotoka: fataki ikilala bapa, au komeo likiwa gumu kufunguka, hapo hushuka, hata kama matundu yamependeza.

Wengi hukwama hapo kwenye kupendeza. Mtu hupoteza miezi akitafuta matundu matatu yaguse, ilhali moyo na mapafu ya nyati yamekaa mahali papana kuliko sahani ya wali. Matundu yakikaa ndani ya inchi moja na nusu kwa yadi 100, yatosha kabisa. Lililo zito kuliko hilo ni joto.

Mtu wa Montana hupima kiasi chake Februari, theluji imetanda. Safari yake ni Oktoba, Selous, joto likifika nyuzi 35, risasi zimeachwa juani ndani ya gari. Baruti nyingi huwaka kwa nguvu zaidi zikipata moto. Kiasi kilichokuwa ukingoni kwenye baridi huvuka ukingo kwenye jua. Ganda hutanuka, likanasa, na komeo lisifunguke risasi ya pili inapotakiwa. Waingereza walilijua hili mapema. Ganda la .375 walilichonga refu, likipungua upana taratibu, liweze kuchomoka kwa urahisi hata katika nchi za joto, maana enzi zile lilijazwa kordaiti, baruti iliyo kama tambi. Leo ziko baruti zilizoundwa zisibadilike sana kwa joto, na anayekuja huku akiziacha ili apate mwendo wa ziada, mimi namwona mjinga. Nyati akijeruhiwa akaingia kichakani, mbele ya wote hutangulia mfuata nyayo, kijana wa kijijini ambaye hakushirikishwa kupima chochote.

Kuna mengine mawili. Ganda hili lina mshipi chini, na likirudishwa umbo kwa kukazwa mno kwenye kalibu, kila mpigo hulivuta juu kidogo ya mshipi huo mpaka likakatika. Na kwa kuwa bunduki hii hupiga teke, risasi zilizosubiri ndani hujigonga mbele na kusukumika ndani ya maganda yake. Dawa yake ni kuubana mdomo wa ganda ushike risasi sawasawa.

Kabla ya kufunga mizigo, mshindiliaji makini huitoa pini ya kupigia, akapitisha kila kiasi chemba moja kwa moja, kiingie na kutoka. Kinachokwama, hata kidogo, hubaki nyumbani.