Kisu ya Tabora: Musisugue Kutu

Wiki iliyopita tulitembelea mzee mumoja wa kambi, aliyeacha kazi ya chini ya udongo. Alituonyesha kisu ya babu yake, askari wa Force Publique aliyeingia Tabora mu Septemba 1916. Ni ile kisu ya vita Wajerumani walikuwa wanafunga kwa mudomo wa bunduki, ya namna 71/84. Chuma yake ni karibu sentimeta 25.

Mutoto wake alisikia mununuzi anakuja. Akaipeleka kwa mashini ya kunolea, akaisugua mpaka ikang'ara. Mununuzi akaangalia mugongo wa kisu, akitafuta taji na tarakimu mbili za mwaka. Hakukuta kitu. Akairudisha, akaenda zake.

Wasomaji wetu, kisu ya zamani hainunuliwi sababu ya kung'ara. Mukieleza hali yake, museme kweli: kutu ni ya juu tu, ao imekwisha kula mashimo? Mbao mbili za mupini zinashika nguvu? Ala ya ngozi imepasuka? Alama gani zinasomeka? Kasoro musifiche, mununuzi ataiona.

Na kwa kuitunza, tupa na musasa hapana! Kitambaa kikavu, mafuta kidogo, basi. Musiiache ndani ya ala ya ngozi, sababu ngozi inashika unyevu.

Mzee halilii franka. Alituambia: « Ile alama ndiyo nilikuwa naonyesha wajukuu. » Ninyi wenye kuwa na vitu vya wazee mu nyumba, muulize kwanza mbele ya kusugua.