Mwite Sogora, Si Kipusa

Wasomaji wa kurasa za michezo watakubaliana nami kwamba waandishi wetu wana hazina kubwa ya maneno. Mwanamume akifunga bao huitwa sogora, fundi, mvamizi matata au simba wa uwanjani. Afungapo mwanamke, hazina hiyo hubadilika ghafla. Hapo tunasoma habari za vipusa, warembo, vidosho na mabanati wa Harambee Starlets. Huenda mwandishi hakusudii ubaya wowote. Pengine adhani anasifu. Hata hivyo, maneno yana asili na yana athari, nami ambaye riziki yangu ni kuyachunguza sioni kuwa jambo hili ni dogo.

Sogora, kwa asili, ni fundi hodari wa kupiga ngoma. Kutoka hapo neno lilipanuka likamhusu mtu yeyote aliyebobea katika ufundi wake. Kipusa nacho ni pembe changa ya kifaru, kitu cha thamani kubwa, na kwa mafumbo ni msichana mzuri. Tazama basi tofauti iliyopo. Wa kwanza asifiwa kwa alitendalo. Wa pili asifiwa kwa jinsi aonekanavyo. Wa kwanza ana mikono na miguu. Wa pili ni pambo la kutazamwa, na pengine la kununuliwa.

Nitatoa mfano wa Esse Mbeyu Akida, mshambuliaji ambaye jina lake linafahamika kwa kila afuatiliaye soka ya wanawake nchini. Akida aling'ara katika klabu ya Thika Queens. Mwaka 2016 Kenya iliitoa Algeria kwa faida ya mabao ya ugenini, ikafuzu kwa mara ya kwanza kushiriki Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake, lililofanyika Kameruni. Mjini Limbe, katika mchuano dhidi ya Ghana, Kenya ilishindwa 3-1. Bao hilo moja, ambalo lilikuwa la kwanza la Kenya katika historia ya mashindano hayo, lilifungwa na Akida. Mwaka 2018 alikwenda Israeli kuisakatia Ramat HaSharon. Baadaye alichezea Beşiktaş ya Istanbul nchini Uturuki, kisha PAOK ya Thessaloniki nchini Ugiriki.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Huyu, ajira ya kimataifa aliipata ugenini, maana ligi ya wanawake hapa kwetu kwa miaka mingi imekosa wadhamini wa kudumu. Kadhalika Doreen Nabwire, aliyelelewa kisoka na chama cha vijana cha MYSA huko Mathare, alimtangulia Ulaya na kuichezea Werder Bremen ya Ujerumani. Hizo ni safari za kikazi, zenye mikataba, majeraha, lugha ngeni na baridi kali. Ajabu ni kwamba 'akida' katika Kiswahili ni cheo cha mkuu wa kikosi cha askari. Jina la ukoo lamwita kamanda. Gazeti lamwita kipusa.

Wala tusiisingizie lugha. Kiswahili ni miongoni mwa lugha ambazo hazimlazimishi msemaji kutaja jinsia ya mtu. Mwingereza akitaka kusema 'alifunga', sharti achague kiwakilishi cha kiume au cha kike. Sisi kiambishi 'a-' chatutosha. Mchezaji, mlinzi, kipa, kiungo na nahodha ni maneno ya watu wote. Ubaguzi huu, kwa hiyo, haumo katika sarufi. Twauongeza wenyewe, kwa hiari yetu.

Ndugu msomaji, athari zake ziko karibu kuliko unavyodhani. Hapa Utange, katika Kisauni, jioni utawaona watoto wa shule wakisukuma mpira mchangani, wasichana kwa wavulana, bila ya yeyote kushangaa. Msichana akifika umri wa miaka kumi na mitatu hivi, huanza kutoweka uwanjani. Nyumbani ataulizwa, "Utacheza mpaka lini?" Swali hilo lina uzito wake, kwa kuwa kitenzi 'kucheza' kwetu chabeba mengi: kupiga mpira, kuingia ngomani, na pia kufanya mzaha. Mzazi asikiapo kwamba mwanawe anacheza, husikia kwamba anapoteza wakati.

Zaidi ya hayo, wazazi wengi wa Pwani, Waislamu na Wakristo, wana wasiwasi juu ya stara ya binti zao. Wasiwasi huo ni haki yao, na haufai kubezwa. Mpango wa Moving the Goalposts, ulioanza Kilifi mwaka 2001, umeonyesha kwamba wasichana wa mwambao waweza kucheza soka na kupata elimu ya maisha papo hapo. Lakini fikiria baba anayehofu kwamba bintiye atageuzwa tamasha la macho ya wanaume. Siku anapofungua gazeti na kukuta wachezaji wa taifa wakiitwa vidosho, je, hofu yake haijathibitishwa kwa maandishi? Mwandishi aliyedhani anaunadi mchezo amempa mzazi hoja ya kuufunga mlango.

Walimu wenzangu tuna nafasi ya kurekebisha mambo. Twaweza kuleta ukurasa wa michezo darasani, tukawataka wanafunzi waorodheshe sifa wanazopewa wachezaji wa kiume na wa kike, kisha waiandike upya taarifa moja kwa kutaja pasi, kasi, shabaha na nidhamu. Hilo ni somo la msamiati, la ufahamu na la uadilifu kwa pamoja. Insha kuhusu mtu mashuhuri nayo yaweza kuwa juu ya mchezaji aliyetoka Thika akafika Thessaloniki.

Mnamo Oktoba 2024, wasichana wa Kenya wasiozidi miaka 17 walishiriki Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika. Hiyo ilikuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya, ya kike au ya kiume, kufika kombe la dunia la FIFA la daraja lolote. Walishindwa na Uingereza na Korea Kaskazini, kisha wakaichapa Mexico 2-1. Aliyewaita vipusa siku ile hakutuambia walivyoshinda. Msichana wa Utange anahitaji kuambiwa hilo hasa: walivyokaba, walivyopokezana mpira, na walivyofunga. Neno la kulieleza tunalo tangu zama za ngoma. Tumpe.