Mto Tana si Ukuta

Wanafunzi wa Kenya wanaposimama mstarini kuuimba Wimbo wa Taifa, ni wachache mno wajuao kwamba lahani ile ni ya wimbo wa kubembelezea watoto wa mama wa Kipokomo. Mwaka 1963, kamati ya watu 5 iliyoongozwa na Graham Hyslop iliichukua kutoka bonde la Mto Tana, kwa msaada wa Mzee Meza Galana. Nami, kwa kuwa ni mwanaisimu, huvutiwa pia na jina la mzee huyo. Yeye alikuwa Mpokomo, msemaji wa lugha ya Kibantu. Bali galana ni neno la Kiorma, lugha ya Kikushi, na maana yake ni mto mkubwa. Jamii mbili ambazo magazeti yamezoea kututajia kama mahasimu zimekutana katika jina la mtu mmoja.

Ramani hazisemi hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliufanya Tana kuwa mpaka: Wasomali wakae mashariki, Waorma magharibi. Baada ya uhuru, mto huo huo ulitenga Mkoa wa Kaskazini Mashariki na Mkoa wa Pwani, na tangu mwaka 2013 umetenga Kaunti za Garissa na Tana River, huku wanasiasa wakigombania maili 3 za ardhi ya ukingoni.

Lakini hebu avuke mtu daraja la Garissa aingie Madogo, atege sikio. Atawakuta Wamunyoyaya, wakulima wa kandokando ya mto, ambao lugha yao ni lahaja ya Kioromo, si ya Kibantu kama wageni wengi wanavyodhani. Atawakuta pia Wailwana, ambao majirani huwaita Malakote. Lugha yao ni ya Kibantu. Hata hivyo, Derek Nurse, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alionyesha jinsi Kiorma kilivyopenya humo, si katika msamiati peke yake bali hata katika sauti na sarufi. Neno moja mtu aweza kuliokota sokoni kwa siku moja. Sarufi haiokotwi hivyo. Huhitaji vizazi vya watu waliooana na kulea watoto pamoja.

Ujirani huo ulikuwa na kanuni zake. Mkulima alingoja mafuriko yapungue ndipo apande katika udongo uliolowa. Mfugaji naye alipitisha ng'ombe wake malka, yaani njia iliyoachwa wazi baina ya mashamba ili mifugo ifike majini. Nafaka ilibadilishwa kwa maziwa. Kisha yakajengwa mabwawa huko juu, Masinga likiwa limekamilika mwaka 1981, na mafuriko hayakuja tena kwa mpango wa zamani. Mashamba yakapanuka, malka zikazibwa. Mwaka 2012 watu zaidi ya 100 waliuawa huko Delta, na wengi wetu tukaridhika kuuita ugomvi huo uadui wa kale.

Kwetu walimu wa Kiswahili lipo jambo la aibu zaidi. Kiilwana, Kipokomo, Kimijikenda na lugha za Komoro ni ndugu wa tumbo moja na Kiswahili. Wanaisimu huziita lugha za Kisabaki. Hata hivyo mtoto wa bondeni akitamka neno la nyumbani kwao darasani, huambiwa anaharibu Kiswahili! Nimewapata wanafunzi wa chuo kikuu wanaoweza kunitajia makundi ya lugha za Ulaya, lakini Kiilwana hawajapata kukisikia hata kwa jina. Wasemaji wake ni wachache, na vijana wao wamezungukwa na Kisomali, Kiorma na Kiswahili tangu alfajiri hadi usiku.

Likizo ijayo, mwalimu wa Madogo, Bura au Hola na awape wanafunzi wake daftari moja moja. Wawaulize bibi zao majina ya samaki, ya sehemu za mtumbwi, ya aina za udongo unaobaki maji yakishuka. Waandike kila neno kama lilivyotamkwa, bila kulisahihisha.