Sumaku Itokanayo na Umeme
Mwaka 1820, Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya upitao umeme. Mwaka 1825, Mwingereza William Sturgeon, aliyewahi kuwa fundi viatu, alizungusha waya wa shaba mara 18 juu ya chuma laini kilichopindwa mfano wa herufi U. Umeme ulipopita, chuma hicho chenye gramu 200 hivi kiliinua kilo 4. Ulipokatwa, mzigo ulianguka.

Je, msomaji, nguvu hizo huzidishwaje? Ongeza mizunguko ya waya, au ongeza umeme. Lakini umeme ukizidi mno, waya huungua. Atakaye kujaribu na atumie betri ya tochi. Umeme wa nyumba asiuguse, maana huua.